Kibuyu Nilichokiosha kwa Dawa

Nyinyi mnaotoka vyuoni na vyeti vya usafi, mkinitembelea hapa nyumbani huwa mnaniuliza jiko safi ni jiko la namna gani. Mnatazama kuta zangu mkitarajia nitaje saruji, bomba na sabuni ya unga. Mimi huwajibu kwamba jiko safi ni lile ambalo mwenyewe anajua kila kitambaa chake kilishika nini jana. Mnacheka, mnaandika kwenye daftari, mnaondoka. Leo kaeni kidogo. Chai ipo, na vikombe vimekauka juani, hamna haja ya kuvipangusa kwa siri na leso kama alivyofanya mmoja wenu juzi. Nilimwona.

Nilifundisha usafi wa jikoni kuanzia Sirisia hadi Bungoma, kisha Kitale, na kazi hiyo niliipata kwa sababu ya kibuyu cha maziwa cha mwanamke mwingine. Jina lake Naliaka. Nilimwonea wivu kabla sijamwona hata sura, na huo wivu ndio nitakaowasimulia, kwa maana mambo ya vijidudu mnayajua kuliko mimi.

Chuo kilitutuma mazoezini kwa miezi mitatu. Mimi nilipelekwa shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, nikakae jikoni nitazame kazi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa msichana wa wasiwasi. Nilikuwa nikinawa mikono, kisha nafikiri: je, nilipofunga lile bomba, si nililishika pale pale nilipolishika na mikono michafu? Basi nalifungua tena, nanawa, naliosha bomba, nalifunga, halafu nafikiri: je, na ule mlango? Ngozi ya vidole vyangu ilipasuka kama ardhi ya Januari. Wenzangu walisema nitafaulu mtihani na kufa kwa baridi.

Mpishi wa nyumba ile alikuwa mzee Wafula, mtu wa Sirisia, mfupi, mwenye kofia nyeupe aliyoifua mwenyewe kila siku. Hakuwa amesoma. Siku ya kwanza nilimwonyesha nilivyofundishwa: nikachemsha maji mpaka yakatokota, nikamimina juu ya sahani zote, mvuke ukapanda, nikasimama pembeni kama askari aliyeshinda vita. Halafu nikachukua kitambaa kilichoning'inia mlangoni nikaanza kuzikausha.

Mzee Wafula akaninyang'anya kile kitambaa, taratibu tu, akanisogezea puani. "Nusa."

Nikanusa. Kilinuka nyama ya jana.

"Vijidudu vyako umevichemsha, wamekufa wote," akasema. "Sasa umewaletea ndugu zao waje matangani."

Kisha akaongeza maneno ambayo niliyasikia kila siku kwa miezi mitatu: "Naliaka wangu hawezi kukosea hapo."

Naliaka alikuwa mkewe. Alikuwa ameishi naye pale shambani miaka mingi, kwenye nyumba za wafanyakazi, kisha akarudi Sirisia kulima. Mimi sikumjua, lakini nilimsikia. Nikikata nyama na mboga juu ya ubao mmoja: "Naliaka ana mbao mbili, moja ameichoma alama ya moto, asichanganye." Nikiacha sufuria bila kifuniko: "Naliaka angekuwa ameshafunika." Nikiikoroga sosi na kuonja kwa mwiko ule ule: "Aa! Naliaka humimina tone kiganjani." Mzee wa watu hakuwa na nia mbaya. Alimkumbuka mkewe, basi. Lakini nilirudi chuoni nikiwa nimeshika nafasi ya kwanza darasani, na huku nimeshindwa na mwanamke asiyejua kuandika jina lake.

Shikeni hilo la kitambaa, hata kama mtasahau mengine yote. Kitambaa chenye unyevu ndicho chumba cha kulala cha vijidudu. Kichemshe, kianike juani, na cha vyombo kisikutane na cha meza. Ukiwa huna cha pili, usikaushe kabisa. Jua litakaushia bure.

Sasa mnafikiri walinituma wapi nilipomaliza? Sirisia. Walinipa gauni jeupe, kopo moja la dawa ya kuua vijidudu, ile nyeusi ambayo ukiitia majini inageuka nyeupe kama maziwa, na miezi sita ya majaribio. Mwishoni mwa miezi hiyo bibi mkaguzi angekuja kuona. Akiridhika, ningeandikwa kazi ya kudumu. Asiporidhika, ningerudi kwa baba, ambaye aliuza fahali nisome na alikuwa amemwambia kila mtu kanisani.

Somo langu la kwanza lilikuwa uani kwa mama mmoja aitwaye Nasimiyu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Akina mama kama ishirini wamekaa nyasini. Nikawaambia vijidudu havionekani.

"Ati havionekani?" Nasimiyu akauliza. "Na wewe mwalimu ulivionea wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nikachukua masizi chini ya chungu, nikayapaka kwenye mpini wa kata ya maji, nikawaomba waipokezane kata, kila mmoja achote maji anywe. Ilipomaliza mzunguko nikasema, "Fungueni viganja." Viganja vyote vyeusi. Wakaguna. "Mmoja tu ndiye aliyekuwa mchafu," nikasema, "na sasa ni nyote. Ndivyo tumbo la kuhara linavyotembea nyumba hadi nyumba."

Niliona wameelewa. Nilifurahi, nikawa naeleza huku nimejishika kidevu, nikijikuna pua, nikisukuma kitambaa cha kichwa. Nikaanza kuona wanabana midomo. Nyuma kabisa alikuwa amekaa mwanamke mrefu, mtulivu, ambaye peke yake viganja vyake vilikuwa safi. Alikuwa ameshika kata kwa jani la mgomba.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "kimoja kimepanda puani. Na kingine kiko hapa kwa paji la uso."

Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Hakucheka. Aliinuka akaniletea maji ya kunawa na akanimiminia yeye mwenyewe, kwa kata ile ile, kwa jani lile lile.

"Unaitwa nani, mama?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Naliaka. Mama watoto wa Wafula, yule mpishi. Amenituma nikupe salamu. Ati ulikuwa unajitahidi."

Kujitahidi! Neno hilo nilitembea nalo wiki nzima.

Nitawaeleza jiko lake, maana mkielewa jiko mtaelewa wivu wangu. Lilikuwa nyumba ndogo ya udongo yenye paa la nyasi, mbali kidogo na nyumba ya kulala. Kuku hawakuingia. Mlangoni palikuwa na kizuizi cha fito kufika magotini, binadamu anavuka, kuku anarudi akilalamika. Sakafu aliisiriba kwa samadi mbichi na majivu kila Ijumaa, ikawa laini kama kiganja. Nje palikuwa na uchaga mrefu wa miti, sufuria zimelala kifudifudi zikiangalia jua linapochomoza, si machweo, kwa sababu jua la asubuhi Sirisia ni la kuaminika na la jioni huja na mvua. Sufuria zenyewe alizisugua kwa majivu na mchanga. Mafuta yaliyoganda aliyatoa kwa maji ya majivu ya maganda ya maharagwe, yale yale tunayolainishia mboga. Chungu cha maji ya kunywa kilikuwa na kifuniko, na kata ilining'inia ukutani kwa mkia wake, haikuwekwa chini kamwe. Shimo la takataka lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni. Nilizihesabu. Daftari langu la chuo lilisema thelathini.

Nilikuwa nimekuja kufundisha na kila nilichotaka kusema kilikuwa kimeshafanywa, na zaidi. Hebu fikirieni mmeingia nyumbani kwa mwenzenu mkakuta amewaandalia chakula kile kile mlichokuwa mnampelekea.

Na akina mama walimfuata yeye. Mimi nilikuwa na somo kila Jumatano. Walihudhuria, walijibu, walipiga makofi. Kisha nikipita Alhamisi nawakuta kwa Naliaka, wameshika mbao, wanauliza: "Mwalimu amesema tuchemshe hivi. Wewe unaonaje?" Naye anajibu, "Mwalimu amesema vizuri. Lakini weka na kifuniko." Hakunipinga hata siku moja. Angenipinga ningemchukia tu, ingekuwa rahisi.

Nilianza kwenda kwake bila sababu. Nilikuwa nasema nimepita tu. Nilipitisha kidole juu ya boriti kutafuta vumbi. Niliinama kuangalia nyuma ya mafiga. Aliniona, akaniwekea kigoda.

Wiki ya mwisho ya miezi yangu sita, Nasimiyu akanijia na habari akitabasamu kama mtu aliyeleta zawadi. "Mwalimu, bibi mkaguzi anakuja Jumatano. Ati atachagua jiko moja liwe la mfano, masomo yote yafanywe hapo. Si ni kwa Naliaka tu? Na tena nimesikia chifu akisema, 'Kwa nini tulipe msichana na huyu mama anajua?' Mimi nikasema, chifu, hapana, msichana anajitahidi!"

Lile neno tena.

Sikula siku hiyo. Nilifikiri pande zote, kama ilivyo kawaida yangu. Nilimwona baba akisimama kanisani akieleza. Nilijiona nikirudisha gauni. Nilimwona Naliaka ndani ya gauni lile, na likimkaa vizuri.

Jumanne ni siku ya soko Sirisia. Mchana nilipita kwake nikakuta ameenda kuuza mboga. Jiko lake halikufungwa. Kwetu mwalimu aliingia jiko lolote, hakuna aliyeshangaa. Kwenye kivuli cha ukuta vilining'inia vibuyu vitatu vya maziwa, vimegeuzwa midomo chini. Kikubwa kati yao kilikuwa chekundu kwa uzee, kimeshonwa ufa mmoja kwa uzi wa ngozi, kimepambwa shanga shingoni.

Nikakishusha, nikanusa. Moshi. Nikaingiza kidole, kikatoka cheusi.

Jamani, furaha niliyoipata pale sijaipata tena maishani. Uchafu! Ndani ya chombo cha maziwa! Hapakuwa na harufu ya sabuni hata kidogo.

Mama yake Naliaka alikuwa wa watu wa mlimani, wafugaji. Wao kibuyu hawakioshi kwa sabuni. Wanachoma kijiti cha ule mti wenye maua ya njano, kikiwa kaa jekundu wanakisugua ndani kwa kifagio kidogo cha ufito, wanazungusha, wanakung'uta majivu. Moto unaua kilichopo, masizi yanakaa kwenye vinyweleo vya ganda, na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika vibaya. Na Naliaka aliongeza alichojifunza Kitale: aliyachemsha maziwa kwanza, yakapoa kabisa, ndipo akayatia. Sikujua lolote kati ya hayo. Kumuuliza kungechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Sikumuuliza kwa sababu nilijua angekuwa na jibu.

Nikajiambia: je, mgeni akinywa akaugua? Je, watoto wake? Je, nikinyamaza na mimi ndiye mwalimu? Sababu zote zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyonifanya nitoe lile kopo la dawa mkobani. Nilichemsha maji kwenye moto wake. Nikatia dawa, kifuniko kizima badala ya nusu. Nikamimina ndani ya kile kibuyu kikubwa, nikatia mchanga, nikakitikisa mpaka mkono ukauma. Nikamwaga, nikatia tena. Nilikisuuza mara nane mpaka harufu ikafifia, nikakining'iniza mahali pake, mdomo chini. Hivyo viwili vingine sikuvigusa. Mkitaka kujua kama mtu anaua vijidudu au anafanya jambo jingine, angalieni hapo.

Nilipofika nyumbani nilinawa. Nikanawa tena. Harufu ilikuwa mikononi mwangu mpaka asubuhi.

Bibi mkaguzi alifika saa nne na gari lenye matope. Alikuwa mama wa kizungu wa makamo, mwekundu kwa jua, mwenye Kiswahili cha mashambani. Chifu alikuwepo, akina mama wamevaa nguo za Jumapili, Nasimiyu mbele kabisa. Tukazunguka majiko matano. La sita lilikuwa la Naliaka.

Tulipovuka kile kizuizi cha kuku, ikanipiga usoni. Jiko zima lilinuka kama wodi. Kibuyu kilikuwa kimetiwa maziwa jana jioni, na ganda lile, ambalo kwa miaka mingi lilinyonya moshi, usiku kucha lilikuwa linapumua dawa. Nilimtazama Naliaka. Alikuwa amesimama kando ya kibuyu, ameweka kiganja juu yake kama mtu anavyomshika mtoto mwenye homa. Hakuwa ananiangalia uso. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Nikangoja bibi mkaguzi akunje pua. Akavuta pumzi ndefu. Uso ukamchanua.

"Aaah!" akasema. "Hii jiko iko safi kabisa! Mimi nasikia harufu ya hospitali. Jiko ingine yote iko na harufu ya moshi, lakini hii, hapana! Nani alifundisha wewe, mama?"

Kuku mmoja akalalamika mlangoni. Nilijua sasa atasema. Angesema neno moja tu na gauni ningelivua pale pale.

"Mwalimu," akasema Naliaka. "Huyu. Hata kibuyu changu ameniosha yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Mimi sikuwa hapa."

Hakusema uongo hata nukta.

"Nzuri sana!" Bibi mkaguzi akanishika bega. "Msichana huyu iko na bidii."

"Bidii iko," akasema Naliaka. "Ngoja nimpe mgeni maziwa."

"Hapana, mimi takunywa chai."

"Basi mwalimu ataonja. Ni yeye ameosha."

Akamimina kikombe, kikajaa. Akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima, amepiga goti kidogo. Akina mama wote wakanitazama. Nilikunywa. Watoto wangu, sitawaeleza ladha yake. Nilimaliza kikombe chote nikitabasamu, na siku mbili zilizofuata nilikuwa mgonjwa, nikalala nikifikiria kila kijidudu nilichowahi kuchora ubaoni na kukiomba msamaha. Msijaribu. Dawa ile ni ya sakafu na choo. Chombo chenye vinyweleo, kibuyu, chungu, mwiko wa mti, kikiinywa hakiitapiki.

Jiko la Naliaka likawa la mfano. Mimi nikaandikwa kazi ya kudumu. Baba akasimama kanisani.

Nilipopata nguvu nilienda kwake na kibuyu kipya kutoka sokoni, kizuri, chenye shanga. Alikitazama akakiweka chini.

"Kile alinipa mama siku naolewa," akasema. "Yeye alipewa na mama yake. Sasa nimekiwekea mbegu za mahindi, maana hakifai kitu kingine. Wewe huwezi kuniletea cha kununua."

"Nifanye nini, mama?"

Akaingia ndani akatoka na mbegu tatu ndani ya jani. "Panda."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Nilipanda nyuma ya nyumba yangu ya kupanga, nikautunza kama mgonjwa mche mmoja ulioota, na kwa sababu ya wasiwasi nilikuwa nautembelea mara nne kwa siku. Ukazaa mabuyu matatu. La kwanza nilichoka kungoja likauke, nikalichemsha. Likapasuka. La pili nilikausha vizuri, nikaozesha nyama ya ndani kwa maji, nikaitoa kwa changarawe, nikampelekea. Akanusa. "Bado ni kichungu." Nikarudi nalo, nikabadilisha maji wiki nzima, nikachoma vijiti nikasugua. Akanusa. "Bado." Nikasugua tena. "Sasa umekiunguza." Huku akinifundisha: kaa liwe jekundu bila mwali, zungusha kwa kifundo cha mkono si kwa bega, mkung'uto mmoja kwa nguvu. Nilijifunza kwake mengi kuliko miaka miwili ya chuo, na kila nilichojifunza kilinichoma, kwa sababu alikijua bila kujitahidi.

Kibuyu cha tatu alikipokea. Msimu mzima na nusu ulikuwa umepita. Alikining'iniza kwenye msumari ule ule wa cha mama yake, akarudi kusonga ugali.

Tangu hapo masomo yangu yalibadilika. Niliacha kuanza na daftari. Nilianza na kuuliza: mama, hiki unakisafishaje, na kwa nini? Mara nyingine jibu lilikuwa baya na ilibidi tulirekebishe pamoja, kama yule aliyepangusa matiti ya ng'ombe na kinyesi cha mtoto kwa tambara moja. Mara nyingine jibu lilikuwa bora kuliko langu. Wakuu wangu walinisifu. Waliziita mbinu za mwalimu Rasoa, yaani zangu. Nami niliwaacha waziite hivyo.

Miaka ya hamsini ikielekea kuisha nilihamishiwa Kitale. Akina mama wa Sirisia wakanifanyia kuaga, pale pale jiko la mfano, uani. Mzee Wafula alikuwa ameshastaafu upishi, amekaa na kofia yake nyeupe. Wakaimba, wakanipa kanga na kuku wawili. Kisha chifu akasimama akasema kabla ya mwalimu Rasoa watu hawa hawakujua kusafisha kibuyu.

Naliaka alikuwa amekaa mstari wa mbele na kile kibuyu nilichompandia magotini. Hakubadilisha uso. Nilimtazama nikaona nisiposema leo nitaenda Kitale na jina lake mfukoni. Nikasimama. Nikasema yote: soko, dawa, kifuniko kizima, mchanga, vile viwili nilivyoviacha. Nikasema ilikuwa wivu. Nikasema kazi hii ilikuwa yake.

Nilipomaliza nilitazama chini nikingoja.

"Umemaliza?" Nasimiyu akauliza kwa ile sauti ya ng'ombe. "Mwalimu, nani hapa hakusikia ile harufu? Si hata mbwa waliondoka! Tumengoja useme miaka yote hii mpaka tukachoka. Mimi nilisema hatasema, nikabishana na huyu Naliaka. Sasa umenifanya mwongo."

Wakacheka, chifu akacheka bila kuelewa, mzee Wafula akafunika uso kwa kofia. Naliaka peke yake hakucheka.

"Hiyo kazi," akasema, "mimi ningeifanya saa ngapi? Nina shamba, nina ng'ombe. Nilikuwa nataka kibuyu changu tu."

Akamimina kikombe, kikajaa. Akanipa kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo, na sasa ndipo niliona kona ya mdomo wake inacheza.

"Onja, mwalimu. Ni wewe umeosha."

Nikaonja. Yalikuwa mazito, baridi, yana moshi kwa mbali na uchachu unaokuja mwisho. Kibuyu nilikipanda mimi. Nilikikausha mimi, nilikichoma mimi. Na nyumbani kwangu nilikuwa na ndugu yake kabisa, kile cha pili, wa mche ule ule, na maziwa yangu hayakuwahi kuwa hivi hata siku moja.

Nikamwonea wivu pale pale, mbele ya watu wote, na nikanyoosha kikombe aniongeze.